Gakaara wa Wanjau: Msomi wa lugha aliyeamua kumiliki mtambo

UKITAKA kujua kitabu kitauza nakala ngapi nchini Kenya, usimuulize mwandishi wala mwenye duka la vitabu. Nenda Ngara. Shika Barabara ya Murang'a kutoka katikati ya jiji, pinda kwenye Barabara ya Desai, na hapo utaikuta Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), ambayo sisi wa rika langu bado tunaiita KIE kwa mazoea. Ndipo miswada ya vitabu vya shule inapopelekwa kutathminiwa. Mswada ukipita, mchapishaji analala usingizi. Usipopita, hata jamaa zake atawauzia kwa kubembeleza.

Nimeanza na Ngara kwa kuwa mtu ninayemzungumzia leo alianza kuandika na kuchapisha vitabu kabla mlango ule haujakuwapo, na sehemu kubwa ya vitabu vyake haikuandikiwa darasa. Iliandikiwa watu wazima waliotoa senti zao wenyewe mfukoni sokoni. Huyo ni Gakaara wa Wanjaũ. Wanafunzi wangu wengi, wakilisikia jina hilo, husema mara moja: "Yule wa Mau Mau." Ni kweli. Lakini jibu hilo linamfunika mtu mwingine ambaye safu hii ya lugha ina haki ya kumdai: msomi wa lugha asiyekuwa na shahada hata moja, mwandishi wa hadithi za mapenzi na za siasa, na mfanyabiashara aliyetambua mapema kwamba asiye na mtambo wa kuchapa huandika kwa hisani ya mwenye mtambo.

Alizaliwa 1921 huko Tumutumu, Nyeri, babake akiwa mchungaji wa Kanisa la Presbyterian. Tumutumu si mahali pa kutajwa na kupitwa. Hapo ndipo alipofanyia kazi Arthur Barlow, mmishenari wa Kiskoti aliyeandika sarufi ya Kikuyu iliyotoka 1914, na ambaye maandalizi yake yalisaidia baadaye kuipata kamusi ya Kikuyu na Kiingereza iliyohaririwa na Benson na kuchapishwa 1964. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka 1926, Biblia nzima ikafuata 1951. Kwa hivyo kijana Gakaara alikulia katika nyumba na kijiji ambamo lugha yake ilikuwa tayari inaandikwa, inachambuliwa, inabishaniwa. Tatizo ni kwamba waliokuwa na kauli ya mwisho kuhusu namna ya kuiandika hawakunyonya lugha hiyo kwa mama zao.

Akaenda Shule ya Upili ya Alliance. Mwaka 1940 wanafunzi waligoma na yeye akawa miongoni mwa waliofukuzwa. Akajiunga na jeshi la Waingereza, kama walivyofanya vijana wengi waliosoma kidogo na kukosa pa kushika. Sina haja ya kukaa hapo. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba njia ya kawaida ya kuwa msomi, yaani Alliance, kisha Makerere, kisha cheti na kofia nyeusi, ilifungwa mbele ya uso wake akiwa hajafikisha miaka 20. Usomi wake wote uliobaki aliujenga nje ya njia hiyo.

Mwaka 1946 akatoa kijitabu chake *Ũhoro wa Ũgũrani*, kuhusu mambo ya posa na ndoa, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha kampuni waliyoiita African Book Writers Limited. Hebu litazame jina hilo. Si chama cha waandishi, si kamati, si ushirika wa kanisa. Ni "Limited", kampuni, kama zile za Wazungu na Wahindi zilizokuwa na vibao mjini. Na wenye kampuni si wachapishaji wanaowatafuta waandishi. Ni waandishi wenyewe. Katika historia ya vitabu Afrika Mashariki sijaona matamko mengi yaliyo wazi kuliko jina lile. Lilisema kwamba kuandika kwa lugha ya Mwafrika ni kazi yenye hesabu ya faida na hasara, na kwamba faida, ikipatikana, ni ya aliyeandika.

Bila shaka kulikuwa na waliotangulia. *Mũigwithania*, gazeti la Kikuyu lililohaririwa na Jomo Kenyatta, lilianza 1928. *Mũmenyereri* la Henry Muoria lilianza 1945. Lakini mitambo ya kuchapa ya Nairobi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na kwa wanasiasa Waafrika ilikuwa ni wapiga chapa wa Kihindi waliothubutu kuzipokea karatasi zao. Makhan Singh, ambaye sisi tunamkumbuka kwa vyama vya wafanyakazi, aliingia katika siasa hizo kupitia matbaa ya babake. Familia za aina hiyo, mafundi wa reli, makarani, wenye maduka na wapiga chapa, ndizo zilizoijaza Ngara ya wakati huo. Leo ukipita pale kwenye vibanda vya nguo na simu, ukasikia makanga wakiita abiria, si rahisi kukumbuka kwamba mtaa huo wa Wahindi ulikuwa jirani wa karibu mno wa magazeti ya Waafrika. Serikali ya kikoloni ilijua hivyo: njia nyepesi ya kuliua gazeti la Mwafrika haikuwa kumkamata mhariri, bali kumtisha mwenye mtambo kwamba leseni yake itachukuliwa. Tabia ya Gakaara ya kutaka kumiliki kila kitu, kuanzia wino hadi nakala ya mwisho, naisoma katika mazingira hayo.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vidogo, vya kurasa chache, vya bei ya mtu wa kawaida. *Ngwenda Ũnjũrage*, maana yake "nataka uniue", ni kisa cha mapenzi. *Mageria Nomo Mahota* ni methali: majaribio ndiyo yanayoshinda, au kwa Kiswahili chetu, mtafuta hachoki. Wapo wahakiki waliovipuuza vijitabu hivi kwa kuviona vya "kupitisha wakati". Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kabla ya hapo, Mkikuyu aliyejua kusoma alikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, vitabu vya shule vya misheni, na magazeti ya siasa. Alikuwa hana mahali katika lugha yake iliyoandikwa pa kumkuta kijana anayehangaika na mahari mjini, mchumba anayeandikiwa barua, mume anayelewa. Gakaara aliitoa lugha kanisani akaipeleka sebuleni. Huko ndiko lugha inakojifunza kucheka na kusengenya kwa maandishi, na lugha isiyojua kusengenya kwa maandishi bado haijawa lugha ya fasihi.

Kuna kitabu kimoja cha kipindi hicho kinachotuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Mwaka 1948 alitoa *Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika*. Mwana wa Tumutumu, ambaye maisha yake yote tunayahesabu kwa vitabu vya Kikuyu, aliamua kijitabu cha kuwachochea Waafrika kuhusu ardhi, kazi na heshima yao akiandike kwa Kiswahili. Kwa nini? Jibu limo katika jina: "kwa Mwafrika". Alipotaka kuzungumza na mchumba, na mama mkwe, na wazee wa ukoo, alitumia lugha ya nyumbani. Alipotaka kuzungumza na mtu ambaye huenda ni Mluo wa reli au Mkamba wa jeshini, alichukua lugha waliyokutana nayo kambini na kazini. Hakuandika makala ya kinadharia kuhusu mgawanyo wa majukumu ya lugha. Aliutekeleza tu. Wale wanaodhani kwamba kukuza lugha za mama ni kukipiga vita Kiswahili wangefaidika kukitazama kijitabu kile, kwani mwandishi wake hakuona ugomvi wowote, na ndicho kilichomtia matatani baadaye kuliko hadithi zake nyingi.

Ulipofika 1952 mambo yalikuwa yamechemka. Gakaara alichapisha nyimbo za siasa zilizoimbwa kwa mahadhi ya kanisa, na akatunga tamko lililoitwa *Witĩkio wa Gĩkũyũ na Mũmbĩ*, yaani Imani ya Gikuyu na Mumbi. Tamko hilo limefinyangwa juu ya Imani ya Mitume, ile inayosomwa kanisani kila Jumapili. Ni mtoto wa mchungaji tu angeweza kulifanya hivyo kwa ustadi ule: anajua mahali pa kuvuta pumzi, anajua neno gani litamfanya muumini aitikie kabla hajafikiri. Kwa mwanaisimu ni mfano wa ajabu wa namna muundo wa matini unavyoweza kubebeshwa mzigo mpya. Kwa serikali ulikuwa uchochezi. Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari, Gakaara alikuwa katika orodha ya watu wa kwanza kukamatwa.

Akapelekwa Kajiado, kisha Lamu, kisha kisiwani Manda, baadaye Athi River na Hola. Mkewe, Shifra Wairire, naye alitiwa kizuizini. Fikiria mahali penyewe. Manda ipo mkabala na Lamu, mji wa washairi, na kambi ilikuwa upande wa Takwa, ambako kuna magofu ya mji wa Waswahili wa zamani. Wafungwa kutoka milimani, wengi wao hawajaona bahari, wakawekwa kando ya msikiti uliobomoka karne nyingi nyuma. Humo ndimo walimofundishana kusoma na kuandika, na humo ndimo Gakaara alimoandika shajara yake kwa siri, akiificha isionekane na askari. Alihesabu siku, majina, chakula, adhabu, mabishano ya wenyewe kwa wenyewe. Ni maandishi ya karani, nami nalisema hilo kwa sifa. Asingalikuwa na ile nidhamu ya kuhesabu, leo tungekuwa na kumbukumbu za jumla tu, za machungu bila tarehe.

Sasa turudi Ngara kidogo, maana kuna tukio ambalo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mwaka 1957, Gakaara akiwa bado kizuizini, serikali ilianzisha Kituo Maalumu cha Kiingereza jijini Nairobi, kazi yake ikiwa ni kuandaa mbinu na vitabu vya kufundishia watoto kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kilianzia katika shule za watoto wa Kihindi, ambao kama nilivyosema wengi wao walikuwa wa mitaa kama Ngara, kisha mpango ukasambazwa kwa watoto Waafrika. Kituo hicho ndicho kilichozaa kituo cha mitaala cha 1964, kikageuka kuwa KIE mwaka 1968, na kwa sheria ya 2013 kikawa KICD. Yaani mlango wa Barabara ya Desai, kinasaba, ni mtoto wa kituo cha Kiingereza. Silaumu waliomo ndani leo. Wapo humo wanafunzi wangu wa zamani na ni watu wa bidii. Nasema tu kwamba taasisi huwa na kumbukumbu ambayo wafanyakazi wake hawanayo.

Alipoachiliwa mwishoni mwa muongo huo, Gakaara alirudi kwenye vitabu kana kwamba ametumwa dukani akachelewa njiani. Alivichapisha upya vile vya zamani. Hatimaye akaweka makao Karatina na kuanzisha Gakaara Press, mtambo wake mwenyewe, katika mji wa soko ambao kila mama wa Nyeri aliyewahi kuuza viazi anaufahamu. Akatoa jarida la *Gĩkũyũ na Mũmbĩ*. Mwaka 1971 akatoa *Agĩkũyũ, Mau Mau na Wĩyathi*, historia iliyoandikwa na aliyeionja. Akaanzisha visa vya Wa-Nduuta, mhusika anayeingia katika kila vurugu ya Kenya huru na kutoka akiwa na habari za kusimulia. Kimoja cha visa hivyo kinaitwa *Hingo ya Paawa*, wakati wa paawa, na aliyekuwa Nairobi mwezi Agosti 1982 hahitaji kuelezwa ni paawa gani.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama zaidi, kwani ndipo usomi wake ulipo. Sisi wa chuo kikuu tuna anasa moja. Tukikutana na suala gumu la tahajia tunaandika kwamba "linahitaji utafiti zaidi" na tunaenda kunywa chai. Mwenye mtambo hana anasa hiyo. Herufi lazima ipangwe leo, kwa sababu fundi anasubiri na karatasi imeshalipiwa. Kikuyu kina irabu saba, ilhali herufi za Kilatini zina tano tu. Irabu mbili zilizozidi huandikwa ĩ na ũ, kwa kialama juu. Juu ya hayo, urefu wa irabu hubadilisha maana, nayo tahajia ya misheni haikuujali sana urefu huo. Gakaara aliujali. Litazame jina lake mwenyewe lilivyoandikwa: Gakaara, a mbili. Tazama Wa-Nduuta, u mbili. Kila jalada la kitabu chake lilikuwa hoja ya kifonolojia iliyouzwa sokoni.

Au chukua kichwa cha shajara yake: *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*. Neno la mwisho lina kitenzi *thaama*, ambacho ni ndugu wa *hama* letu, na lina kiambishi cha mahali *-inĩ*, ndugu wa *-ni* yetu. Kwa Kiswahili tungesema "uhamishoni", tukakiunganisha kiambishi bila kufikiri. Kikuyu kimekitenga kwa kistari. Kwa nini? Kwa sababu mtu fulani, zamani, alipaswa kuamua kama hicho ni kipande cha neno au neno dogo linalojitegemea, na uamuzi ukapitia mikononi mwa wapiga chapa hadi ukawa desturi. Mambo haya tunayafundisha katika muhula wa pili wa mofolojia kwa majedwali. Gakaara aliyaishi kwa risasi za kupangia herufi. Mwaka 1991, akiwa na miaka 70, aliyakusanya mawazo yake kuhusu uandishi sahihi wa lugha hiyo katika *Mwandĩkĩre wa Gĩkũyũ Karĩng'a*. Hakikutokana na semina yoyote. Kilitokana na miaka 45 ya kusahihisha chapa.

Sasa swali linalonikera. Kwa nini mtu aliyemiliki mtambo aliipeleka kazi yake kubwa kuliko zote kwa mchapishaji mwingine? Shajara ya kizuizini haikutoka Karatina. Ilitoka 1983 Nairobi, kwa Heinemann, iliyokuwa ikiongozwa na Henry Chakava. Wapo watakaosema ni heshima. Mimi naona ni hesabu. Miaka mitatu kabla yake, 1980, Heinemann ilikuwa imemchapishia Ngũgĩ wa Thiong'o *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Nakala 5,000 za kwanza, ambazo kwa kawaida zingechukua miaka kadhaa kumalizika, ziliisha kwa takriban mwezi mmoja, na kufikia Desemba zilikuwa zimechapishwa nakala 15,000 kwa jumla. Ngũgĩ mwenyewe amesimulia jinsi riwaya hiyo ilivyosomwa kwa sauti katika mabaa, msomaji akinunuliwa kinywaji ili aendelee. Gakaara aliyajua hayo kabla ya mtu yeyote, kwani wasomaji hao ndiye aliyewalea kwa vijitabu vyake tangu 1946. Lakini Heinemann ilikuwa na kitu ambacho mtambo wa Karatina haukuwa nacho: mtandao wa kusambaza kitabu nje ya mkoa, uwezo wa kugharamia tafsiri, na jina lililofika ng'ambo.

Na kweli, mwaka 1984 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma, ambayo kilishiriki na *Fools and Other Stories* cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tuzo hiyo, iliyofadhiliwa na mchapishaji wa Kijapani, ilikuwa na sharti zuri ajabu: kitabu lazima kiwe kimechapishwa barani Afrika. Kwamba waamuzi wake walikichagua kitabu cha Kikuyu kisichokuwa na tafsiri ya Kiingereza bado ni jambo ambalo tuzo nyingi za leo haziliwezi. Tafsiri ilikuja 1988. Katikati, mwaka 1986, wakati wa msako wa Mwakenya, mzee wa miaka 65 alikamatwa tena, safari hii na serikali ya nchi aliyoifungiwa ili ipate uhuru.

Najua kuna msomaji ananung'unika: "Profesa, mbona sifa tupu? Huyu si alikuwa mkabila?" Swali ni la haki. Jarida linaloitwa *Gĩkũyũ na Mũmbĩ* halimwiti Mturkana sebuleni. Cristiana Pugliese, mtafiti wa Kiitaliano aliyeandika kitabu kizima kuhusu maisha na kazi zake, hakusita kumwita mzalendo wa Kikuyu, na neno hilo lina makali pande zote mbili. Lakini nikipima, naona kosa letu limekuwa kudhani kwamba dawa ya ukabila ni kunyamazisha lugha. Tumezinyamazisha shuleni kwa miaka mingi na ukabila umenawiri kwa Kiingereza fasaha kabisa. Na mtu aliyeandika *Roho ya Kiume* hakuwa amefungiwa ndani ya kijiji chake.

Wenzangu wengine, hasa wachapishaji, wana hoja ngumu zaidi: lugha za mama hazina soko. Hapa nadhani tunachanganya mambo mawili. Soko la vitabu nchini ni soko la shule. Kwa miaka mingi lugha za mama zilikuwa shuleni kwa madarasa matatu ya kwanza tu, na humo KIE yenyewe iliwahi kuandaa vitabu vya *Tujifunze Kusoma Kikwetu* kwa lugha mbalimbali. Mtoto alipofika darasa la nne, kikwetu kilikwisha. Hakukuwa na mtihani, kwa hiyo hakukuwa na kitabu teule, kwa hiyo hakukuwa na mchapishaji. Kuanzia 2018, serikali ilipoanza kununua yenyewe kitabu kimoja kwa kila somo na kukipeleka moja kwa moja shuleni, hali ilibana zaidi: aliyekosa nafasi hiyo moja amekosa karibu kila kitu, na duka la vitabu la mtaani limebaki na kalamu na kadi. Katiba, kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza lugha za kiasili. Sijaona kifungu hicho kikinunua kitabu.

Mfano wa upande wa pili tunao hapa jijini. Kithaka wa Mberia, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwana wa Tharaka, alifanya kama Gakaara: akaanzisha kampuni yake, Marimba Publications, na kuchapisha humo mashairi na tamthilia zake, kuanzia *Natala* na *Mchezo wa Karata*. Naye ni msomi, mwandishi na mchapishaji katika mwili mmoja. Tofauti ni lugha. Yeye aliandika kwa Kiswahili, na *Kifo Kisimani* ikawa kitabu teule cha shule za upili, ikasomwa na vijana kutoka Mombasa hadi Turkana. Tamthilia hiyo hiyo, neno kwa neno, kwa Kitharaka, ingekuwa na wasomaji wangapi? Si kwa sababu Kitharaka hakina wasemaji au mwandishi hana kipaji. Ni kwa sababu hakuna mahali pa kuupeleka mswada.

Gakaara alifariki 2001. Karatasi zake, maana alikuwa mtunzaji wa karatasi kuliko ofisi nyingi za serikali, zimewafaa wanahistoria kama Derek Peterson, ambaye kutokana nazo ameandika kuhusu maisha ya kiakili ya wafungwa wa Mau Mau. Mimi huwapa wanafunzi wangu wa uzamili ile shajara. Wote huisoma kwa Kiingereza, hata wale wa kutoka Karatina. Muhula uliopita nilileta nakala ya Kikuyu nikamwomba mmoja wao, binti anayezungumza lugha hiyo na mamake kila jioni kwa simu, asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Alikwama kwenye ĩ na ũ. Darasa likacheka, naye akacheka. Kisha akaniomba nakala ile aende nayo nyumbani, na hajairudisha.